Tumbaku Isiyo na Moshi: Somo la Ugoro, Tambuu na Tumbaku ya Kutafuna



Katika somo lililopita tulieleza namna ya kuanika karafuu zikauke sawasawa zisiote ukungu. Mara hii twaomba ruhusa yenu tutoke shambani kidogo, tumtazame mwenye shamba mwenyewe, na khasa kinywa chake. Kwani shamba lisilo na mwenyewe hugeuka msitu, hata likiwa na mikarafuu mizuri namna gani. Somo hili lisomwe kwa utulivu katika mikutano ya matawi, na asiyejua kusoma asomewe. Mwisho wake tumeweka maswali.

1. Sababu ya somo hili

Mwezi wa Februari uliopita tulisafiri pamoja na wajumbe wawili wa Kamati kwenda Kiswere. Wanachama wengi wanapajua pahali hapo: ni bandari ya zamani katika mkoa wa Lindi, baina ya Kilwa na mji wa Lindi, yenye ghuba na mikoko. Vijana wetu wengi, msimu wa karafuu ukimalizika, hushika bahari wakaenda dago pande hizo, na wengine wameoa na kujenga huko huko. Tulikwenda kutoa mkono wa taazia, kwa kuwa mwanachama mwenzetu mmoja alifariki huko nyumbani kwa mwanawe. Jamaa zake wametupa ruhusa tusimulie maradhi yake ili wengine wapate faida, ila wametuomba tusimtaje jina. Basi tutamwita Mzee wetu.

Mzee wetu alianza ugoro akiwa kijana mchumaji. Hakuwa akiunusa, alikuwa akiuweka baina ya mdomo wa chini na ufizi, upande wa kushoto, pahali pamoja siku zote. Tabakero yake ya bati ilikuwa haitoki mfukoni. Baada ya miaka mingi pahali pale paliota doa jeupe. Halikumuuma, basi hakulijali. Miaka ikapita, doa likawa kidonda kidogo. Mwanawe akamwambia, "Baba, twende hospitali." Akajibu kuwa ni jino tu, na dawa ya jino anaijua. Akatuletea salamu kwa msafiri kuwa anaomba karafuu kavu, nasi tukampelekea pishi nzima pamoja na dua zetu.

Karafuu zile alizisaga akazibandika penye kidonda. Maumivu yakapoa, ugoro ukaendelea, na kidonda nacho kikaendelea kula chini kwa chini. Alipokubali kwenda hospitali ya wilaya, shingo ilikwisha kuvimba. Wakamwandikia barua kwenda Dar es Salaam, Hospitali ya Ocean Road, ambayo ndiyo taasisi kubwa ya kutibu saratani nchini. Huko madaktari walimweleza mwanawe kwa upole kuwa ugonjwa umekwisha kusambaa, na lililobaki ni kumpunguzia maumivu. Miezi yake ya mwisho hakuweza kumeza ila uji mwepesi, tena kwa taabu.

Tulipoaga, mwanawe aliingia ndani akatoka na ile tabakero, akatutia mkononi. Akasema, "Bwana Katibu, ichukueni hii. Waambieni wenziwe." Hatukuweza kumjibu neno. Sasa iko ofisini juu ya meza yetu, na somo hili ndilo jawabu yetu.

2. Tumbaku hii ni ipi

Watu wengi wakisikia habari za madhara ya tumbaku hudhani wanaambiwa wavuta sigara. Lakini tumbaku ni moja, iwe inawashwa au haiwashwi. Katika visiwa vyetu na pwani yote hii, tumbaku isiyo na moshi hutumiwa kwa njia hizi:

(a) Ugoro. Ni majani ya tumbaku yaliyokaushwa na kusagwa, na mara nyingi huchanganywa na magadi au jivu. Wengine hunusa puani, wengine hubwia kinywani au huuweka ndani ya mdomo.

(b) Tumbaku ya kutafuna. Ni jani lenyewe, hukatwa vipande likatafunwa au likawekwa shavuni.

(c) Tambuu. Ni jani la mtambuu lililopakwa chokaa, likatiwa popoo na katu, na wengi huongeza tumbaku. Wako wanaotia na karafuu kwa kutaka harufu nzuri. Vitu hivi wazee wetu waliviita kwa jina moja, uraibu, na sahani ya uraibu ilikuwa heshima ya mgeni. Leo neno lilo hilo ndilo wanalolitumia madaktari kwa kueleza hali ya mtu aliyetawaliwa na kitu asiweze kukiacha. Ni jambo la kuzingatia.

(d) Vipakiti vya kiwandani. Hivi ni vya siku hizi, kama gutka inayotoka Bara Hindi, ambayo ndani yake mna popoo, chokaa, katu, tumbaku na manukato. Na ile iitwayo Kuber, ambayo ni tumbaku iliyotiwa manukato na kuvishwa nguo ya kitu cha kuburudisha kinywa. Siku ile ya taazia, huko Kiswere, tuliingia duka moja kununua maji. Tukaona vipakiti vya namna hii vimetundikwa sambamba na peremende, urefu wa mkono wa mtoto wa skuli. Mwenye duka mwenyewe hakujua kuwa ni tumbaku. Alisema ni "kitu cha kuchangamsha".

3. Inavyoingia mwilini

Ndani ya jani la tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Ndicho kinachomfanya mtu ajione amechangamka, na ndicho kinachomfunga asiweze kuacha. Mvuta sigara hukipata kwa njia ya mapafu. Mwenye kubwia au kutafuna hukipata kwa njia ya ngozi laini ya ndani ya kinywa, ambayo chini yake mna mishipa midogo midogo ya damu.

Sasa wengine watauliza: magadi, jivu na chokaa vina kazi gani? Kila mpishi anajua kuwa maharage magumu yakitiwa magadi hulainika upesi. Mfano huu si sawa kabisa, lakini unasaidia kufahamu. Vitu hivi huibadilisha nikotini ikawa katika hali ya kupenya kwa wepesi, ikapita kinywani na kuingia katika damu kwa haraka na kwa wingi. Tena chokaa huichubua ngozi ya kinywa, na ngozi iliyochubuka ni mlango uliofunguliwa. Kwa hiyo yule asemaye kuwa ugoro wake ni mkali kwa sababu umetiwa magadi anasema kweli, ila hajui maana ya ukali huo.

Nikotini ikifika katika damu, moyo huenda mbio, mishipa hujikaza, na shindikizo la damu hupanda. Kwa asiyezoea huleta kizunguzungu, jasho la baridi na kichefuchefu. Wanachama wachumaji walifikirie hili. Kijana mgeni wa ugoro hupewa na wenziwe "apate nguvu ya kupanda", kisha hukwea mkarafuu mrefu na upembo mkononi. Kizunguzungu kikimjia yuko juu ya tawi jembamba, nani atamshika? Mwenzake huyo amempa mtihani, nguvu hakumpa.

4. Madhara yake

Kwanza, saratani. Jani la tumbaku linapokaushwa, kuvundikwa na kuwekwa akibani, hufanyika ndani yake sumu ziitwazo naitrosamini. Sumu hizi hazingoji moto. Zimo katika ugoro kabla haujaguswa. Wataalamu wamekwisha kuhesabu katika tumbaku isiyo na moshi kemikali zaidi ya 25 zenye kuleta saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko mji wa Lyon, Ufaransa, nalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilichapisha hukumu yake mwaka 2007, na mwaka 2012 likaithibitisha na kuipanua: tumbaku isiyo na moshi huwaletea wanadamu saratani ya kinywa, ya umio ambao ni njia ya chakula, na ya kongosho. Hawakusema "labda". Waliiweka katika daraja la kwanza, pamoja na vitu ambavyo ushahidi wake umekamilika.

Pili, popoo. Wako wasemao, "Mimi tambuu yangu haina tumbaku." Shirika lilo hilo lilichapisha mwaka 2004 kuwa popoo yenyewe huleta saratani, na tambuu hata isipotiwa tumbaku huleta saratani ya kinywa. Tena popoo ina maradhi yake khasa: nyama ya ndani ya mashavu hukakamaa kidogo kidogo kama kamba, hata mtu akashindwa kukifumbua kinywa chake kuingiza tonge ya wali. Maradhi haya yakishashika hayarudi nyuma kwa kuacha tu, na baadhi yake hugeuka saratani.

Tatu, meno na fizi. Ufizi unaokaliwa na tumbaku hurudi nyuma, mizizi ya meno huwa wazi, meno hulegea na kuoza, na harufu ya kinywa huharibika.

Nne, moyo na mishipa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa watumiaji wa tumbaku isiyo na moshi hufa zaidi kwa maradhi ya moyo na kwa kiharusi kuliko wasioitumia. Mzee mwenye shindikizo la damu anayemeza vidonge vya hospitali asubuhi na kubwia ugoro mchana ni kama mtu anayeteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Tano, mama mjamzito. Hapa twawaomba wanachama wanawake watusikilize sana, kwa kuwa ugoro na tambuu huonekana si kitu kikimtumiwa na mama, na wengine hupewa ili kuzuia kichefuchefu cha mimba. Nikotini hupita kwa mama ikamfikia mtoto tumboni. Huongeza khatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo, au kuzaliwa amekwisha kufa.

Jambo hili si geni kwa ulimwengu. Mwaka 1761, daktari mmoja wa London aitwaye John Hill alitoa kitabu kidogo cha kuwaonya watu juu ya ugoro wa kunusa, baada ya kuwaona wagonjwa waliofanya uvimbe mbaya puani. Karibu na sisi, nchini Sudan, watu wengi hutumia ugoro uitwao tumbaki, uliochanganywa na magadi kama huu wetu. Uchunguzi umeonyesha kuwa una naitrosamini kwa kiasi kikubwa mno kinachopindukia cha tumbaku ya nchi nyingi, na madaktari wa huko wamepata wagonjwa wengi wa saratani ya kinywa miongoni mwa wanaoutumia. Duniani kote watumiaji wa tumbaku isiyo na moshi ni zaidi ya watu milioni 300, na wengi wao wako Kusini mwa Asia, ambako ndiko tambuu yetu ilikotoka. Saratani ya kinywa huko ni msiba wa kila mtaa. Kwa sababu hiyo majimbo mengi ya India yalipiga marufuku gutka kuanzia mwaka 2012. Jirani zetu wa Uganda walitunga sheria mwaka 2015 ya kukataza kabisa tumbaku isiyo na moshi isiingizwe, isitengenezwe wala isiuzwe. Tanzania nayo iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku.

5. Karafuu na kidonda

Sasa tufike katika jambo linalotuhusu sisi kuliko watu wengine. Karafuu yetu ni dawa ya jino tangu enzi za mababu, na si uwongo. Mafuta yake yana kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hufisha ganzi. Hata madaktari wa meno hukitumia katika kazi zao. Lakini kufisha ganzi si kuponya. Ni kama kumwambia mlinzi wa shamba alale: kelele zitakoma, lakini mwizi yumo ndani.

Saratani ya kinywa ina hila mbili. Mwanzoni mara nyingi haiumi, basi mtu hupuuza. Inapoanza kuuma, sisi wenye karafuu tunayo dawa ya kunyamazisha maumivu, basi mtu hupuuza mara ya pili. Hivyo ndivyo Mzee wetu alivyopoteza miezi ambayo pengine ingemwokoa. Na pishi ile aliyoitumia ilitoka kwetu. Tuliitoa kwa mapenzi, na tungempelekea nyingine lau angeomba.

Basi kanuni ni hii, nayo ikaririwe mpaka ihifadhike: karafuu ni ya kutuliza jino usiku mmoja au miwili, mpaka umfikie daktari wa meno. Kidonda au doa lolote la kinywani lililokaa wiki mbili bila ya kupona halina haki ya kutiwa karafuu. Haki yake ni hospitali.

6. Maneno tunayoyasikia

"Wazee wetu walitumia na wakafika miaka 80." Ni kweli wako waliofika. Wako pia walioanguka kutoka juu ya mkarafuu wakasimama wakajifuta vumbi. Je, kwa ajili yao tutawaambia watoto wetu kuwa kuanguka hakuna madhara? Tunawakumbuka waliobaki kwa sababu walibaki. Waliokufa kwa "kidonda cha koo" au "jino baya" zamani hakuna aliyewapima.

"Ni afadhali kuliko sigara." Kweli haina moshi, na mapafu husalimika na moshi huo. Watu wa Sweden wana tumbaku yao ya mdomoni iitwayo snus, ambayo hutengenezwa kwa njia ya kupunguza naitrosamini, nao huijadili kwa hoja hiyo. Lakini ugoro wa sokoni kwetu haupimwi na mtu, hauandikwi kilichomo ndani, na umetiwa magadi. Tena hoja ya kuwa jambo hili ni pungufu ya jingine haimfai kitu mtu ambaye hakuwa akivuta sigara hata siku moja.

"Huniondolea njaa na usingizi." Huifunika njaa, haiishibishi. Mwili uliochoka unaomba chakula na mapumziko, nao haukuomba ugoro ila baada ya kuzoeshwa.

"Siwezi kuacha." Hili ndilo neno la kweli kuliko yote, na hatulicheki. Mazoea yana taabu. Lakini kila mwaka, mwezi wa Ramadhani ukiandama, wenye ugoro na wenye tambuu hujizuia tangu alfajiri mpaka magharibi, siku 29 au 30, na wengi wao wako katika kazi nzito. Anayeweza saa 13 kwa siku amekwisha kuivuka zaidi ya nusu ya njia.

7. Namna ya kujitazama kinywa

Kazi hii haina gharama. Yataka kioo, mwanga wa jua au tochi, na mikono safi. Kila mwenye kutumia tumbaku au popoo ajitazame mara moja kila mwezi, na mke na mume watazamane.

Kwanza, tazama midomo nje, kisha uigeuze utazame ndani, juu na chini. Pili, vuta shavu kwa kidole, tazama upande wa kulia na wa kushoto, na fizi zote. Tatu, toa ulimi, utazame juu yake na pembeni mwake. Kisha uuinue utazame chini yake, maana hapo ndipo saratani hupenda kujificha. Nne, inua kichwa utazame kaakaa. Tano, papasa shingo pande zote mbili na chini ya taya.

Unalolitafuta ni hili: doa jeupe au jekundu lisilofutika; kidonda kisichopona kwa wiki mbili; kivimbe au pahali palipokuwa pagumu; damu isiyo na sababu; ganzi; jino lililolegea lenyewe; shida ya kumeza au ya kufumbua kinywa; uvimbe wa shingo. Doa jeupe si lazima liwe saratani. Wengi huonekana nalo, na likigunduliwa mapema na mtu akaacha tumbaku, mara nyingi hupungua au huondoka. Lakini ni kengele, na kengele haipigwi bure.

Ukienda hospitali, daktari huenda akakata kipande kidogo cha nyama akipeleke kupimwa. Usikimbie. Wako wanaosema kuwa kikiguswa na chuma ndipo kinapoenea; neno hili si kweli, na limewaua watu. Saratani ya kinywa ikikutwa ndogo hutibika kwa kukatwa au kwa mionzi, na watu wakaishi. Ikikutwa imeingia shingoni, kazi huwa nzito. Mficha maradhi kifo humuumbua.

8. Namna ya kuacha

Chagua siku, na uitangaze kwa jamaa zako, ili wakusaidie na uone haya kurudi. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa nyumbani kila kitu: tabakero, ugoro, popoo, vipakiti. Usiseme utaweka kidogo cha wageni.

Siku za kwanza utakuwa na hasira za haraka, kichwa kitakuuma, usingizi utapungua, na hamu itakujia kwa ghafla. Jua mapema kuwa mambo haya si maradhi mapya. Ni nikotini inadai. Siku tatu nne za mwanzo ndizo kali kabisa. Baada ya wiki mbili mpaka nne hupoa sana. Hamu yenyewe ikija hukaa dakika chache kisha hupita. Dakika hizo kunywa maji, piga mswaki, tembea, shika kazi ya mikono. Usibadilishe ugoro kwa popoo wala kwa sigara. Huko ni kuhama chumba katika nyumba ile ile inayoungua. Ukianguka siku moja, anza tena kesho yake. Wengi walioacha hawakufaulu mara ya kwanza.

Na ufanye hesabu. Mtu anayetumia shilingi 500 kwa siku hutumia 182,500 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni 1,825,000. Kila mwanachama agawe fedha hizo kwa bei aliyouzia karafuu zake, aone amebwia kilo ngapi.

9. Daftari la Chama

Tumewaeleza wanachama makosa ya kila mtu. Sasa tueleze letu. Tuliporudi kutoka Kiswere tulifungua daftari la matumizi ya misimu iliyopita, pahali pa posho ya wachumaji. Mstari kwa mstari limeandikwa: unga, sukari, majani ya chai, dagaa, ugoro. Chama chetu kimekuwa kikinunua ugoro kwa fedha za wanachama na kuwagawia wachumaji, na miongoni mwao wamo vijana wa miaka 16 na 17. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Sisi tulikuwa tukiwapa bure. Hatukuwa na nia mbaya. Ilikuwa ada, na kila mwaka tulinakili orodha ya mwaka uliopita. Lakini mkono ulioandika mistari ile ndio huu unaoandika somo hili, na hatuoni haki kuwakataza wengine kabla ya kulikiri jambo hilo.

Kwa hiyo Kamati itauletea Mkutano Mkuu mambo matatu, nayo yatapigiwa kura:

Kwanza, ugoro uondolewe kabisa katika posho ya wachumaji, na fedha zake zinunue maziwa, ndizi na maji safi ya kunywa shambani.

Pili, sahani ya tambuu isiwekwe tena katika mikutano ya Chama. Mgeni apewe kahawa, halua na tende, na heshima yake haitapungua.

Tatu, kabla ya kila msimu tumwombe daktari wa meno wa hospitali ya karibu atutengee siku moja awatazame wanachama na wachumaji vinywa vyao, na nauli ya watakaoandikiwa kwenda mbali isaidiwe na mfuko wa Chama.

Tunajua wako wazee wetu watakaoona uchungu, khasa kwa jambo la pili, maana tambuu kwao ni adabu. Hatutaki kumvunjia mtu heshima. Mwenye kutumia hatatolewa mkutanoni wala hatasimangwa. Ni mwenzetu, na anahitaji msaada wetu zaidi kuliko maneno yetu. Tunataka tu Chama kisiwe ndicho kinachomnunulia.

Maswali ya kujadili matawini

1. Kwa nini magadi, jivu na chokaa huzidisha nguvu ya ugoro na tambuu?
2. Mtu asemaye tambuu yake haina tumbaku mtamjibu nini?
3. Karafuu yafaa nini kwa jino, na wakati gani inageuka kuwa khatari?
4. Taja dalili tano za kinywani ambazo mtu hapaswi kuzisubiri zaidi ya wiki mbili.
5. Katika tawi lenu, maduka gani huuza vipakiti karibu na peremende za watoto, na nani ataongea na wenye maduka hayo kwa wema?
6. Tawi lina rai gani juu ya mambo matatu ya Kamati? Majibu yaandikwe na kuletwa ofisini kabla ya Mkutano Mkuu.

Tabakero ya Mzee wetu tumeisafisha. Mwanachama yeyote atakayeamua kuacha na akataka ushahidi wa siku yake, aje ofisini aandike jina na tarehe katika karatasi, tuitie ndani yake. Karatasi ya kwanza imo tayari. Ameileta mwanawe, aliyekuja kisiwani mwezi uliopita kutazama mikarafuu aliyoachiwa na baba yake.

Wenu katika kazi,
Katibu